Naomba ushauri: CRP na fibrinojeni ya mama ziko juu

Ndugu zangu, habari zenu. Naomba msaada wa wenye uelewa wa vipimo vya damu, hasa madaktari na watu wa maabara.

Mama ana miaka 63, ana kisukari aina ya 2 na aliwahi kuwekewa stenti (kijibomba cha kuuweka mshipa wazi) kwenye mshipa wa moyo. Anatumia metformin, atorvastatin na aspirini ya dozi ndogo. HbA1c (wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi) ni 7.1% na lehemu mbaya imeshuka vizuri, tunashukuru. Ila CRP ya kipimo nyeti (protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) imetoka 6.4 mg/L na fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) 480 mg/dL. Ninavyojua, CRP ikizidi 3 hatari ya moyo huhesabiwa kubwa, na fibrinojeni kwa kawaida huishia 400. Kinachonichanganya ni kwamba alipopimwa alikuwa anamalizia mafua, tena fizi zake huvimba na kutoa damu. Kliniki wamesema tu aendelee na dawa.

Je, turudie vipimo baada ya wiki ngapi ili mafua yasitupotoshe? Na fizi zikitibiwa, namba hizi zinaweza kushuka, au kuna kipimo kingine cha kumwomba daktari wa moyo? Dawa hatujagusa hata moja na hatutagusa bila daktari.