Pensheni ya mzee wa Kagera imesimama baada ya uhakiki wa wastaafu, tuanzie wapi?

Mpita Njia (Moshi): Habari zenu wakuu. Mzee wa hapa Pasua, mstaafu wa JWTZ (jeshi la Tanzania) aliyepigana vita vya Kagera 1978–79, hajapata pensheni miezi miwili. Barua ya kustaafu ina majina mawili, NIDA (kitambulisho cha taifa) ina matatu. Sasa kuna mtu anapiga simu akidai "ada ya faili". Afanyeje?

Karani Mstaafu: Huyo wa simu ni tapeli, asimtumie hata senti. Pili, pensheni ya wanajeshi inatoka Hazina, siyo PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), kwa hiyo asipoteze nauli kwenda huko. Ila aanzie benki achukue taarifa ya akaunti ya miezi sita. Akaunti ikilala, malipo hugonga yakarudi, na mzee anadhani amefutwa. Benki ikiwa safi, aende Hazina Ndogo (ofisi ya Hazina ya mkoa) hapo hapo Moshi na barua ya kustaafu, barua ya tuzo ya pensheni, kitambulisho cha mstaafu, NIDA na kadi ya benki. Abebe halisi pamoja na nakala.

Binti Njiro: Kwenye majina ndipo wengi wanapokwama. Jina la tatu likiwa limeongezeka tu, mara nyingi kiapo cha maandishi mbele ya wakili kinatosha. Kiandike majina yote herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kila karatasi, na namba yake ya jeshi. Namba ikikosekana, kiapo hakimuunganishi na faili lake. Asibadilishe NIDA ili ifanane na barua! Atavuruga benki na laini ya simu.

Mpita Njia: Mzee hatembei vizuri. Lazima aende mwenyewe?

Karani Mstaafu: Pelekeni Hazina Ndogo barua ya mwenyekiti wa mtaa na cheti cha daktari, mkaombe ahakikiwe nyumbani. Muwaone pia MUWAWATA (muungano wa wanajeshi wastaafu) mkoani. Mtu aliyekwenda mpakani kwa ajili yetu hastahili kuburuzwa kwenye foleni ili aonekane yu hai. Ofisi ndiyo imfuate.

Mama Kibosho: Ulizeni kadi ya benki iko kwa nani. Wakopeshaji wa mtaani huzishikilia pamoja na namba ya siri, pesa ikiingia tu wanaitoa wao. Kama ndivyo, afunge kadi na aombe mpya siku hiyo hiyo.

Binti Njiro: Na kila barua mnayopeleka igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki kwa mzee.