Naomba ushauri: meza ya migebuka kwenye soko jipya la usiku, Mwanga

Habari za jioni ndugu zangu. Mtaani kwetu Mwanga, hapa Kigoma, linafunguliwa soko la vyakula vya usiku, nami nimebahatika kupata meza. Nataka kuuza migebuka (samaki wa ziwani kwetu) ya kuchoma, ugali wa muhogo, na dagaa wa kukaanga kwa mawese kama alivyotufundisha mama.

Kinachoninyima usingizi ni upatikanaji wa samaki. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika na bei inapaa. Halafu kuna ziwa kufungwa, yaani uvuvi kusimamishwa: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Ikitokea tena, miezi mitatu nitauza nini? Nimewaza maharage ya mawese na ndizi za kuchoma, ila mtaji wangu ni laki tatu tu, na nina watoto wawili shuleni.

Mlio na uzoefu, niweke akiba ya dagaa wakavu mapema au nibadilishe chakula kabisa? Na jiko je? Wenzangu wanashauri gesi, lakini kwangu mgebuka bila mkaa haunogi.

Tunaanza Jumamosi ijayo. Nisaidieni jamani.