Naomba ushauri: mahafali ya maandalizi, nilipe au nisilipe?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Binti yangu ana miaka 5, anamaliza maandalizi, na mwakani inshaallah anaingia darasa la kwanza. Skuli inataka kila mzazi atoe elfu 45 za joho, kofia, keki na mpiga picha. Mtoto hata viatu hajui kufunga, joho la nini?

Ila nikisema haendi, atalia. Nyimbo za siku hiyo anaziimba mpaka chooni.

Mimi naona makubwa kayasoma nyumbani. Msimu wa karafuu bibi yake humkalisha jamvini wachambue, karafuu huku, makonyo kule, na pishi anazihesabu yeye. Hesabu za kutoa kajifunza kwa komwe za bao kabla ya ubao wa mwalimu. Usiku bibi akisema "Paukwa!", yeye "Pakawa!", halafu vitendawili, na akishindwa anampa bibi mji kwa shingo upande. Kwa haya hapigiwi makofi na mtu.

Nafikiria tumfanyie shughuli ndogo nyumbani: mkate wa kumimina, juisi, awategee babu zake vitendawili. Baba yake anasema nitamtia unyonge mbele ya wenzake.

Aliyewahi kumuomba mwalimu mkuu mchango upunguzwe, alianzaje bila kuonekana mkorofi? Na vitabu vya picha vya Kiswahili vya umri huu, Chake Chake vipo au niagizie Unguja?