Jedwali la bajeti la kila mwezi, na kodi ya nyumba inayolipwa kwa miezi sita

mgeni_moro
Habari za majukumu, ndugu zangu. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Morogoro, mshahara wangu ni shilingi 800,000. Nimepakua jedwali la bajeti la Excel ambalo linataka kila kitu kiandikwe kwa mwezi, ilhali mwenye nyumba wangu hupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, shilingi 900,000, na ada ya mtoto, 600,000 kwa mwaka, hulipwa Januari na Julai. Matokeo yake jedwali linanionyesha nina ziada, kisha ukifika mwezi wa kulipa namba zote zinakuwa nyekundu. Je, nilirekebishe au nirudi kwenye daftari?

mhasibu_mstaafu
Daftari halitakusaidia kwa hilo, kwa kuwa shida iko kwenye hesabu yenyewe. Kwanza, mstari wa mapato usianze na 800,000. Toa mchango wa PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 (40,000), bima ya afya asilimia 3 (24,000), kodi ya mapato (68,000) na, kama una deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 (120,000). Ukiwa na deni hilo utabaki na 548,000, na hiyo ndiyo fedha unayopangia. Pili, ongeza safu uiite “Ya kutenga”. Kodi ya nyumba igawanye kwa 6, upate 150,000, na ada uigawanye kwa 12, upate 50,000. Hizo 200,000 zihesabu kuwa zimekwisha kutumika siku mshahara unapoingia, hata kama bado unaziona kwenye akaunti. Mwezi wako kwa kweli una 348,000. Namba hiyo haifurahishi, lakini ndiyo ya kweli.

mama_wa_kikoba
Nakubaliana na mhasibu, ila fedha zilizotengwa zisikae pamoja na za matumizi, kwani jedwali halimzuii mtu kutoa. Jambo jingine ni mchango wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ambao wengi huuandika kwenye mstari mmoja. Hisa ziweke kwenye akiba, maana utazipata siku ya mgao. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana wanakikundi wakipata shida, uweke kwenye matumizi. Na marejesho ya mkopo yawe na mstari wake. Makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu nayo yaandikwe, kwa sababu ni madogo kwa muamala mmoja lakini yakijumlishwa mwisho wa mwezi si madogo hata kidogo.

peni_na_karatasi
Mimi nalitetea daftari kidogo. Nauli, vocha, mkaa na mboga za gengeni viandikwe hapo hapo vinaponunuliwa, kisha Jumapili jumla zake zihamishiwe kwenye jedwali. Kompyuta haiendi sokoni. Na mistari isizidi kumi na mitano. Ukitenganisha nyanya na vitunguu utaliacha kabla ya mwezi kuisha.

mgeni_moro
Nashukuruni sana, safu nimeshaiongeza. Je, posho za safari niziweke wapi, maana haziji kila mwezi?

mhasibu_mstaafu
Usiziweke popote mpaka ziingie mkononi. Zikiingia, zipeleke kwanza kwenye “Ya kutenga”, kwa sababu umeianza safu hiyo katikati ya mwaka na kodi ijayo itadaiwa kabla haijatimiza 900,000.