Kwa nini Chuo Kikuu cha Chicago kilifuta timu yake ya mpira wa Kimarekani?

MwalimuTemeke

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita katika shule moja hapa Temeke, na juma lililopita tulifika kwenye mada ya nishati ya nyuklia. Niliwaeleza wanafunzi kwamba tarehe 2 Desemba 1942, saa 9:25 alasiri, Enrico Fermi na wenzake walifaulu kwa mara ya kwanza kuanzisha mmenyuko wa nyuklia unaojiendeleza wenyewe, na kwamba kazi hiyo waliifanya katika chumba cha kuchezea skwoshi chini ya jukwaa la magharibi la Stagg Field, uliokuwa uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Chicago. Nilichora ubaoni jukwaa lenye ngazi, na chini yake lundo la matofali ya grafaiti yaliyochomekwa vipande vya urani. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na timu je? Siku hiyo timu ilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipokwenda kutafuta nikakuta kwamba timu ilikuwa imefutwa miaka 3 kabla ya siku ile, tena ilifutwa na chuo chenyewe, ilhali hapo zamani ilikuwa miongoni mwa timu kubwa kabisa za Marekani. Kwetu timu ikifungwa tunamfukuza kocha. Sijapata kusikia wenye timu wakiivunja kabisa wakati uwanja upo, jezi zipo na mashabiki wapo. Ninaomba mwenye kuijua historia hiyo anieleze ilivyoanza, ilifikia ukubwa gani, na ni nini hasa kilichoiua. Mada hii ninairudia darasani Alhamisi, na nimekwisha kumwahidi yule kijana jibu.

Mkongwe wa Upanga

Mwalimu, mpongeze kijana huyo kwa niaba yangu, kwa kuwa ameuliza jambo nililolifuatilia tangu nilipokuwa nikiandika habari za michezo gazetini. Ili kifo cha timu hiyo kieleweke ni lazima kuanzia kwenye kuzaliwa kwake, maana timu na chuo vilizaliwa pamoja. Chuo kilianzishwa mwaka 1890 kwa fedha za John D. Rockefeller, na kilipofungua madarasa mwaka 1892, rais wake wa kwanza, William Rainey Harper (rais wa chuo kule ni kama makamu mkuu wa chuo kwetu), alikuwa amekwisha kumwajiri Amos Alonzo Stagg, mwanafunzi wake wa zamani wa somo la Biblia katika chuo cha Yale. Stagg alikuwa amekusudia kuwa mhubiri, lakini aliona kwamba mimbari haikuwa mahali pake. Harper alimpa cheo cha uhadhiri chenye ajira ya kudumu, jambo ambalo makocha wa wakati ule hawakuwa nalo, na ninakuomba ulishike hilo, kwa sababu ndilo lililomwezesha kukaa pale misimu 41 bila kutishwa na matokeo ya Jumamosi moja. Msimu wa kwanza wachezaji walikuwa haba hata kocha mwenyewe akavaa jezi na kuingia uwanjani.

Harper alikuwa na chuo kichanga alichotaka kijulikane upesi, na mpira ukawa mbiu yake. Mwaka 1896 Chicago ilikuwa miongoni mwa vyuo 7 vilivyounda ligi inayojulikana leo kama Big Ten, na timu yake, iliyoitwa Maroons kwa rangi yake ya damu ya mzee, ilitwaa ubingwa wa ligi hiyo mara 7, mara ya mwisho ikiwa mwaka 1924.

Ukiwa na nafasi ya kuwasimulia wanafunzi mechi moja tu, wasimulie ile ya tarehe 30 Novemba 1905 dhidi ya Michigan. Michigan walikuwa wamecheza mechi 56 bila kupoteza hata moja, na katika msimu ule walikuwa wamefunga pointi 495 bila wao kufungwa hata pointi moja. Watu zaidi ya 25,000 walikusanyika, idadi ya kuujaza Uwanja wetu wa Uhuru, na mchezo ukaenda bila kwa bila hadi kipindi cha pili, ambapo Walter Eckersall wa Chicago alipiga mpira mrefu ukaangukia ndani kabisa ya eneo la mwisho la Michigan. Mchezaji aliyeupokea angeweza kuuacha, na hakuna ambalo lingeharibika; badala yake alijaribu kutoka nao mbio, akagongwa, akasukumwa na kuangushwa nyuma ya mstari wake mwenyewe. Katika mchezo ule, mwenye mpira akiangushwa ndani ya eneo lake la mwisho, wapinzani hupewa pointi 2. Mechi ikaisha 2 kwa 0, na rekodi ya mechi 56 ikazikwa kwa kosa la sekunde chache.

Basi kilichoiua timu, kwa maoni yangu, ni kuondoka kwa watu hao wawili. Harper alifariki mwaka 1906, na mwaka 1932 Stagg, akiwa na miaka 70, alistaafishwa kwa kanuni ya umri. Rais wa wakati huo, Robert Maynard Hutchins, aliyekabidhiwa chuo mwaka 1929 akiwa na miaka 30, hakuuona mpira kuwa sehemu ya elimu, na mwezi Desemba 1939 bodi ya wadhamini ikapitisha uamuzi wa kuifuta timu. Aliyeijenga aliamini kwamba chuo na timu ni kitu kimoja, na aliyeifuta hakuamini hivyo.

Msafiri wa Sinza

Shikamoo mzee wangu. Mimi nilisoma shahada ya uzamili kule Chicago, na chumba changu kilikuwa mtaa wa Hyde Park, mwendo wa dakika chache kutoka mahali anapopataja Mwalimu. Historia uliyoitoa ninaikubali, ila hitimisho lako ninaomba kulipinga kwa heshima, kwa sababu kama imani ya Hutchins peke yake ingetosha kuifuta timu, asingengoja miaka 10. Alikuwa na imani hiyo tangu mapema, lakini hakuwa na ubavu, kwa kuwa wahitimu wa zamani na mashabiki wasingemwacha salama. Kufungwa ndiko kulikomfungulia mlango.

Tazama matokeo yenyewe. Mwaka 1934 Chicago iliifunga Michigan 27 kwa 0, ikiongozwa na Jay Berwanger, kijana aliyekuwa akikimbia, akipiga na kurusha mpira yeye mwenyewe. Katika mechi hiyo mchezaji mmoja wa Michigan alijaribu kumkaba, kisigino cha Berwanger kikampasua chini ya jicho la kushoto, na kovu likabaki maisha yake yote. Mchezaji huyo ni Gerald Ford, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1974. Mwaka 1935 Berwanger akawa mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo inayoitwa leo Heisman, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo, na mwaka uliofuata akawa wa kwanza kuchaguliwa katika mgawo wa kwanza wa wachezaji wa ligi ya kulipwa, lakini hakucheza huko hata mechi moja. Hata hivyo, timu iliyokuwa na mchezaji bora wa nchi nzima ilimaliza msimu huo wa 1935 ikiwa imeshinda mechi 4 na kupoteza 4. Hapo ndipo ninapoona ugonjwa ulipoanza kujitokeza nje, kwa kuwa mchezaji mmoja wa namna ile alikuwa akifunika upungufu wa wengine wote.

Alipoondoka, kifuniko kikaondoka. Msimu wa 1939 Michigan iliwafunga 85 kwa 0, Harvard 61 kwa 0, Ohio State 61 kwa 0. Wala asije mtu akamsingizia kocha. Clark Shaughnessy, aliyempokea Stagg, alihamia Stanford baada ya timu kufutwa, akaikuta ikiwa imeshinda mechi 1 tu msimu uliotangulia, na mwaka 1940 akaiongoza kushinda mechi zote 10. Kocha wa 85 kwa 0 na kocha wa ushindi wa 10 kwa 10 ni mtu yule yule, katika kipindi cha miezi kumi na kitu. Kilichotofautiana ni wachezaji aliowakuta.

Wakati huo vyuo vingine vilikuwa vinawatafuta vijana wenye nguvu popote walipo, vinawapatia kazi nyepesi za kulipia ada, na vinawawekea masomo wanayoyamudu. Chicago ilikataa kumlipia mwanafunzi kwa sababu tu anajua mpira, na wakati huo huo ikazidi kuukaza mtihani wake. Ilibaki njia mbili, kununua wachezaji kama wenzake au kuendelea kuumizwa kila Jumamosi. Hutchins alikataa zote mbili, na mimi ninamheshimu kwa hilo, ingawa najua wengi humu hawatakubaliana nami.

Mwalimu, pale lilipokuwa jukwaa pamewekwa sanamu ya shaba nyeusi ya Henry Moore, iliyozinduliwa mwaka 1967, yenye kimo cha karibu watu wawili, juu ni duara kama fuvu na chini imeshikiliwa na nguzo nene. Asubuhi moja ya baridi niliigusa kwa kiganja, na ubaridi wa ile shaba ulipita hadi kwenye mfupa. Wanafunzi walikuwa wakipita na vitabu vyao bila kuitazama, maana sehemu kubwa ya uwanja ule leo ni maktaba kuu ya chuo.

Binti Mlimani

Shikamooni wazee wangu. Nipo mwaka wa tatu Mlimani na ninacheza netiboli, mlinda goli, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Ninyi mmewazungumza marais wa chuo, makocha na wadhamini, lakini sijaona mahali mlipowataja wachezaji. Wale vijana waliofungwa 85 walirudi uwanjani juma lililofuata, na hakuna aliyekuwa akiwalipa. Kwangu mimi hao ndio waliokuwa wakiishi ile imani ya chuo, ya kucheza bila kununuliwa, halafu chuo hicho hicho kikawanyang'anya uwanja. Kwa nini wasingehama ligi, wakacheza na vyuo vya saizi yao? Kaka Msafiri amesema zilibaki njia mbili. Ninaiona ya tatu, na ninashangaa kwamba watu wenye elimu ile hawakuiona.

Msafiri wa Sinza

Dada yangu, umenishika pabaya, na ninakiri kwamba njia hiyo ya tatu ndiyo waliyokuja kuipita hatimaye, baada ya kuchelewa miaka 30. Hata msimu ule wa 1939 Chicago ilishinda mechi 2, dhidi ya Wabash na Oberlin, ambavyo ni vyuo vidogo, kwa hiyo ushahidi wa hoja yako ulikuwa mbele ya macho yao.

Mwaka 1946 chuo kilijitoa rasmi katika Big Ten. Kuanzia mwaka 1956 mkurugenzi mpya wa michezo, Walter Hass, alianza kuurudisha mpira polepole, kwanza kama somo la mazoezi. Mwaka 1963 wakathubutu kuingia uwanjani na timu ya chuo kingine, na wanafunzi waliopinga wakaenda kuketi katikati ya uwanja hata mechi ikacheleweshwa, kwa kuwa waliogopa kwamba mambo ya zamani yanarudi. Hayakurudi. Mwaka 1969 timu ilirejeshwa rasmi, na leo inacheza daraja la tatu la vyuo, ambako kanuni haziruhusu mwanafunzi kupewa ufadhili kwa sababu ya michezo.

Niliwatazama mara moja katika uwanja mpya, ambao nao unaitwa Stagg Field, mitaa michache kutoka ule wa zamani. Wazazi walikuwa wamejifunika mablanketi kwenye jukwaa dogo, na mchezaji mmoja alipotoka akichechemea mama yake alishuka hadi kwenye uzio kumuuliza habari ya goti, kisha akamuuliza habari ya mtihani wa Jumatatu. Tuzo ya Berwanger imewekwa katika jengo la michezo la chuo, ndani ya kioo, na wachezaji hao huipita wakienda mazoezini.

MwalimuTemeke

Nawashukuru sana, na Binti Mlimani ninamshukuru zaidi, kwa sababu ameuliza kama mwanafunzi wangu alivyouliza. Nimepata jibu la kumpa Alhamisi. Siku ile ya Desemba 1942 timu haikuwapo popote, lakini baada ya kusoma maelezo yenu nilimtafuta Stagg mwenyewe, na nimemkuta. Alikuwa na miaka 80, yuko California, akikifundisha mpira chuo cha College of the Pacific, na mwaka uliofuata makocha wenzake walimchagua kuwa kocha bora wa mwaka. Alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 102, miaka 4 kabla timu yake haijarejeshwa.