Mafuta ya habasoda kwa mtoto mwenye aleji: nitajuaje kama kweli yanasaidia?

Mama Kihonda:
Habari zenu wana jamvi. Naombeni ushauri, hasa mliosomea mambo ya afya.

Mwanangu ana miaka tisa. Akiamka tu ni chafya mfululizo, nahesabu mpaka kumi na tano kabla hajavaa viatu. Macho mekundu, na puani pameshajichora kamstari kwa vile anavyoisugua kwa kiganja kwenda juu. Daktari alisema ni mzio, akamwandikia cetirizine. Akinywa anapata nafuu, tukiacha vinarudi. Pumu hana.

Mama mkwe amekuja kutoka Tanga na chupa ya mafuta ya habasoda: kijiko cha chai asubuhi, kwenye asali. Leo siku ya nne na chafya zimepungua. Lakini mwaka jana tulimpa dawa ya unga ya muuzaji mmoja, akapona ndani ya siku mbili, kisha akawa anakula bila kushiba na uso ukamvimba ukawa duara. Niliogopa sana. Safari hii nataka kujua ninachompa na kama ndicho kinachomsaidia.

Mfamasia wa Mtaani:
Pole sana dada. Kupona haraka hivyo, njaa kali na uso duara ni dalili zinazofanana na za mtu aliyepewa prednisolone au deksamethasoni, yaani vidonge vya steroidi vya hospitalini. Wapo wanaozisaga na kuzichanganya kwenye majani. Zikitumika muda mrefu halafu zikakatwa ghafla, mwili unaweza kuishiwa nguvu vibaya, kwa hiyo mweleze daktari hata kama ni mambo ya mwaka jana. Kama unga ulibaki usiutupe, Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapima sampuli za dawa za asili.

Ustadhi77:
Mtume (SAW) ametufundisha kuwa habasoda ni tiba ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Mimi mafua ya vumbi yamenitoka kwa hiyo hiyo. Mpe kwa imani, dada yangu.

Mtafiti Mdogo:
Ustadh, sipingani nawe. Iran walifanya jaribio kwa wagonjwa 66 wa mzio wa pua, matokeo yakatoka 2011: ndani ya siku 30 kuziba pua, muwasho na chafya vilipungua. Jaribio dogo, ila si la kudharau.

Mama, siku nne hazitoshi, mzio una siku zake nzuri. Kwanza muulize daktari mtoto apewe mafuta kiasi gani. Akikubali, chukua daftari. Wiki mbili mpe asali tupu, wiki nne asali na mafuta, kisha wiki mbili asali tupu tena. Kila asubuhi andika chafya, macho na pua, kila kimoja alama sifuri (hakuna) mpaka tatu (kali sana), na kama siku hiyo alihitaji cetirizine. Mwalimu wake naye aandike bila kuambiwa ni wiki gani, maana wewe ukijua leo kanywa mafuta, sikio lako litasikia chafya chache. Mtoto ataitambua ile harufu, hapo hatuna ujanja. Na katika muda wote huo usibadilishe kitu kingine nyumbani.

Binti Chumbageni:
Asipakwe kwenye ngozi. Mimi nilijipaka mkononi, kesho yake vipele na malengelenge. Akivimba midomo au akianza kukoroma kifuani, kimbieni hospitali, msingoje.

Mama Kihonda:
Asanteni mno. Hapo pa kutobadilisha kitu pamenishtua. Nimemuuliza mama mkwe sasa hivi: siku ile ile aliyoanza kumpa mafuta, alitoa zulia chumbani kwa mtoto, akaanika godoro juani na kufua mashuka kwa maji ya moto. Zulia lile lina miaka sita, ukilipiga vumbi linapanda mpaka darini. Sasa nilirudishe ili nipime mafuta vizuri?

Mtafiti Mdogo:
Usilirudishe hata kidogo! Wadudu wa vumbi la ndani wanakaa humo humo, na huenda ndio waliokuwa wakimsumbua. Hizo siku nne zifute. Anza kuhesabu upya kesho bila zulia, asali tupu, chupa ikae kabatini. Huenda ukafika mwisho wa wiki ya pili huna cha kutibu.

Mama Kihonda:
Daftari limeshanunuliwa. Asubuhi ya leo: chafya tatu.