Kombinatoriki ya kiangazi inanitoa jasho, niendelee au nijitoe?

Kijana wa Manzese
Wakuu salaam. Nipo mwaka wa pili huku Marekani, nasomea hesabu. Kiangazi hiki nimechukua kombinatoriki, yaani hesabu za kutafuta njia ngapi za kuchagua au kupanga vitu, wiki sita tu, somo ambalo muhula wa kawaida linakula wiki kumi na tano. Ukishikwa na mafua siku mbili, sura nzima imekupita. Asubuhi darasani, jioni naosha vyombo kantini ya chuo.

Kalkulasi sikuwa na shida nayo. Pamutesheni na kombinesheni za kidato cha sita nilikariri kanuni nikapita. Huku jaribio la kwanza nimepata 41 kwa 100, na kinachoniuma ni kwamba nilitoka kwenye mtihani nikiwa na uhakika kabisa. Swali mojawapo: wanaume 6, wanawake 5, unda kamati ya watu 5 yenye wanawake wasiopungua 2. Nikachagua wanawake 2 kati ya 5, njia 10. Wamebaki watu 9, nikachagua 3 wowote, njia 84. 10 × 84 = 840. Mwalimu kapiga mstari mwekundu, hakuandika neno. Kosa liko wapi? Mwisho wa kujitoa ni Ijumaa.

Fundi Saa
Jitoe mdogo wangu. W (alama ya kujitoa) kwenye matokeo haiui mtu, F (kufeli) ndiyo inaua.

Mama Pacha
Kabla ya kujitoa pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kwa wenye visa ya F-1, ile ya wanafunzi, kiangazi kwa kawaida huhesabiwa likizo, hulazimiki kuwa na mzigo kamili wa masomo, ila kama ndiyo muhula wako wa kwanza mambo ni mengine. Usichukue uamuzi wa visa kwa maneno ya watu wa mtandaoni, hata mimi.

Kete Namua
Dogo, achana na Ijumaa kwanza. Tafuta kamati zote za watu 5 kati ya hao 11, bila sharti lolote. Ni 462. Wewe una 840. Umeunda kamati nyingi kuliko zilizopo! Hapo tu ungeshtuka ukiwa bado na kalamu mkononi.

Chukua kamati ya Asha, Neema, Zawadi, Juma na Hamisi. Kwa njia yako, mara ya kwanza Asha na Neema ndio "wale wawili", Zawadi anaingia na wanaume. Mara ya pili Asha na Zawadi ndio wawili, Neema anafuata nyuma. Mara ya tatu Neema na Zawadi. Kamati ni ileile, umeihesabu mara tatu. Yenye wanawake wanne umeihesabu mara 6, na ile ya wanawake watupu mara 10.

Sasa zitenganishe. Wanawake wawili kamili: 10 × 20 = 200. Watatu: 10 × 15 = 150. Wanne: 5 × 6 = 30. Watano: 1. Jumla 381. Halafu ingia kwa mlango wa nyuma: 462, toa 6 zisizo na mwanamke, toa 75 zenye mmoja tu. 381 tena. Na 840 yako haikutoka hewani: 200 + 3×150 + 6×30 + 10×1. Jumlisha uone.

Ugonjwa wako ni kuanza na kanuni. Ukishapata njia ya kuhesabu, shika jibu moja lililokamilika, ile kamati yenyewe, ujiulize: hii imezaliwa na machaguo gani? Ukipata historia mbili tofauti za kamati moja, umezidisha. Na mifano midogo iandike yote kwa mkono, watu wanne, watano, usione aibu. Mimi nilimaliza daftari zima nikiorodhesha kama karani wa mahudhurio.

Mwalimu wa Nakuru
Boss, pole. Ukibaki, jua funksheni zalishi, njia ya kuhesabu kwa polinomia (semi kama 1 + x + x²), ziko njiani, na watu wengi huzikimbia bure. Ni sarafu tu. Shilingi 200 kwa sarafu za 50, 100 na 200 unazilipa njia ngapi? Ziandike: ni nne. Zile polinomia zinafanya hiyo kazi yako ya kuandika, vipeo vya x ndivyo vinabeba pesa. Ukiona hivyo, hofu inaisha.

Fundi Saa
Mimi bado nasema ajitoe. Kuosha vyombo jioni na hesabu hizi?

Kijana wa Manzese
Kete Namua, nimejumlisha, kweli inatoka 840. Nimecheka peke yangu kantini, wenzangu wakanishangaa. Nimeomba kupunguziwa zamu mbili. Nipe swali lingine kabla sijaamua.

Kete Namua
Herufi za MOMBASA. Mipangilio mingapi? Halafu mingapi ambayo M mbili hazigusani?

Kijana wa Manzese
Herufi 7, M mbili, A mbili. 7×6×5×4×3×2×1 = 5040, gawa kwa 4 (2 za M × 2 za A), ni 1260. M zikigusana nazifunga kama herufi moja, vitu 6, A bado mbili: 720 gawa kwa 2, 360. Kwa hiyo 900.

Kete Namua
Safi. Sasa M zisigusane na A nazo zisigusane.

Kijana wa Manzese
A zikigusana ni 360 vilevile. 1260 − 360 − 360 = 540.

Kete Namua
Mpangilio MMAASOB umeutoa mara ngapi?

Kijana wa Manzese
Ala! Mara mbili. Umo kwenye M na umo kwenye A. Nikifunga M na A zote vinabaki vitu 5, kwa hiyo ya namna hiyo iko 5!, yaani 5×4×3×2×1 = 120, nairudisha. 660.

Mama Pacha
Huyu Ijumaa hajitoi.